Nyumba ya Kununua na Mwenye Kuiuza

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kingolwira, Morogoro)



Katika maombi ya mkopo yanayofika mezani kwa katibu wa chama cha akiba na mikopo, hakuna linalostahili kusomwa mara mbili kama ombi la kununua nyumba. Mkulima akikosea mbegu hupoteza msimu mmoja, na mwaka wa pili hujaribu tena. Mzazi akikopa ada hujua siku deni litakapokwisha. Lakini anayenunua nyumba hutoa kwa siku moja fedha alizoweka kwa miaka ishirini au thelathini, na juu yake huongeza fedha za wenzake zilizomo katika hisa na amana. Akiuziwa mbuzi ndani ya gunia, hasara si yake peke yake.

Kingolwira ipo mashariki ya mji wa Morogoro, kandokando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, katika tambarare inayoitazama milima ya Uluguru. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, hupita hapo. Kwa miaka mingi msafiri alipotajiwa Kingolwira alikumbuka gereza lake na mkonge uliolimwa katika bonde la mto Ngerengere. Mtu wa mjini hakufikiri kwenda kununua nyumba huko. Alifikiri kwenda kununua mahindi.

Hali hiyo imegeuka. Mji wa Morogoro umepanuka, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichoanzishwa mwaka 1984 kimevuta watumishi na wanafunzi, na tangu tarehe 14 Juni 2024, treni ya reli mpya ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, safari iliyokuwa ikimaliza nusu siku huchukua chini ya saa mbili. Mstaafu wa Dar es Salaam huona kwamba anaweza kuishi penye upepo wa mlima na bado akahudhuria mazishi ya ndugu zake Temeke na kurudi siku ile ile. Ndipo bei zilipopanda, na ndipo madalali walipoongezeka.

Achukuliwe, kwa mfano tu, mwalimu mmoja mstaafu pamoja na mumewe. Wana mafao yao, wana akiba katika chama, na wameomba mkopo wa kujazia. Wanaonyeshwa nyumba mbili. Ya kwanza imekwisha kabisa: ina rangi, madirisha ya vioo na umeme, nayo ipo jirani na barabara kuu. Ya pili ni pagale lililo ndani zaidi: kuta zimesimama, linta imefungwa, bati hazijapanda. Jambo la kustaajabisha ni kwamba bei zao zinakaribiana. Mtu mwenye haraka huchukua ile iliyokwisha na kumshukuru Mungu. Mtu mwenye hekima hujiuliza kwanza kwa nini nyumba iliyokwisha inauzwa kwa bei ya pagale.

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa kueleza kwa nini mapagale ni mengi sokoni. Benki ya Nyumba Tanzania iliundwa mwaka 1973 ili kukopesha wajenzi, ikaanguka mwaka 1995. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilijenga, lakini nyumba zake hazikuweza kuwatosha watu wote. Kwa hiyo mwananchi wa kawaida alijifunza kujenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao tofali, baada ya mavuno mazuri bati. Ujenzi wa namna hiyo ni akiba iliyowekwa katika tofali. Mwenye nyumba akiugua, au mtoto akipata nafasi ya masomo, au akihamishwa kikazi, huiuza akiba hiyo kama ilivyo. Pagale basi si dalili ya ubaya. Aghalabu ni nyumba ya mtu mwaminifu aliyeishiwa, na mnunuzi wake hupata faida moja kubwa, kwamba huona tofali kabla hazijafichwa na plasta na rangi.

Sasa ile nyumba iliyokwisha. Mnunuzi hana budi kuchukua kamba ya kupimia na kuanza kupima kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na barabara ipitayo Kingolwira ni barabara kuu. Nyumba iliyojengwa ndani ya mita hizo baada ya sheria kuanza kutumika haina fidia siku itakapowekewa alama ya X. Iliyokuwapo kabla, katika eneo lililoongezwa, ina haki yake. Lakini haki hiyo ni ya kudaiwa kwa karatasi, na mnunuzi mpya hurithi madai yote pamoja na usumbufu wake. Reli nazo zina hifadhi zao, ya zamani na ya mpya. Mto Ngerengere nao, unaoshuka kutoka Uluguru, una ulinzi wake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwa mnunuzi wa Kingolwira, barabara, reli na mto ni mambo matatu ambayo kamba ya shilingi elfu chache yaweza kuyajibu kabla mwanasheria hajalipwa chochote.

Yule mwalimu na mumewe wakipima wakakuta ukuta wa mbele upo mita 26 kutoka katikati ya barabara, bei ndogo imekwisha kujieleza yenyewe.

Lipo pia jambo la mashamba ya mkonge. Katika ukanda wa Morogoro mashamba mengi makubwa yalipungua nguvu baada ya bei ya mkonge kuanguka, na mengine yakaachwa. Watu waliingia, wakalima, wakajenga, wakazaa, wakauziana. Mtu aliyekaa mahali miaka kumi na mitano huona hakika kwamba pale ni pake, na pengine sheria itamsikiliza. Lakini shamba laweza kuwa bado na hati kwa jina la kampuni au mtu aliye mbali, au likawa limerudishwa serikalini na kupangiwa matumizi mengine. Anayenunua kipande cha shamba kama hilo hununua kesi, na pengine kesi yenyewe bado haijafunguliwa. Swali la kuuliza wazee wa mtaa ni jepesi: hapa palikuwa nini kabla ya kuwa makazi?

Baada ya mahali, huja karatasi. Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Umilikaji wa ardhi wa milele ulianza kufutwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ikalithibitisha jambo hilo. Kinachonunuliwa, kwa hiyo, ni haki ya kutumia ardhi kwa muda, pamoja na jengo lililosimama juu yake. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Wengi hutazama jina na muhuri tu, wakasahau tarehe. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1998 inafikia mwisho mwaka 2031. Anayeinunua kwa bei ya hati mpya amedanganyika kwa macho yake mwenyewe.

Yapo makaratasi ya namna nyingi, na kila moja lina uzito wake. Hati ya kumiliki ardhi ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Barua ya toleo ni ahadi iliyo njiani kuelekea hati. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi. Katika ardhi ya kijiji, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, ipo hati ya hakimiliki ya kimila, na huko Halmashauri ya Kijiji ina kauli. Lakini Kingolwira ni kata ya Manispaa ya Morogoro, yenye mitaa, na hapo wengi hujikwaa. Huona muhuri wa ofisi ya mtaa wakadhani wamepata hati. Serikali ya mtaa huwatambua wakazi wake na hushuhudia mapatano. Haiwezi kumpa mtu haki asiyokuwa nayo. Mjumbe wa nyumba kumi ni zaidi ya hapo: tangu kurudi kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 yeye ni kiongozi wa chama cha siasa tu. Ushahidi wake ni ushahidi wa jirani mwema, nao usidharauliwe, lakini usifanywe hati. Na ile desturi ya kudai asilimia kumi ya bei kwa ajili ya mwenyekiti wa mtaa haikuwekwa na Sheria ya Ardhi. Palipo na ada halali pana stakabadhi.

Nyumba ikiwa na hati, mnunuzi aombe nakala yake na kwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi. Kwa ada ndogo Msajili wa Hati humwonyesha jina la mwenye haki, deni la benki likiwapo, na zuio la mahakama au la mtu mwingine likiwapo. Kazi hii haifanywi na dalali kwa niaba ya mnunuzi. Kadhalika ramani ya upimaji ilinganishwe na mawe ya mipaka yaliyopo ardhini. Si mara moja wala mbili kiwanja kimeonekana kikubwa kwa miguu kuliko kwenye karatasi. Kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa, na stakabadhi za miaka iliyopita zionekane.

Pagale la mfano wa leo halina hati. Lipo katika eneo ambalo halijapimwa, na muuzaji, kijana mpole mwenye maneno machache, anasema alirithi kwa baba yake. Hapa ndipo mnunuzi anayetoka Kilimanjaro au Mwanza huhitaji kujifunza jambo la Uluguru.

Kwa Waluguru ukoo, yaani lukolo, hufuata upande wa mama. Ardhi ya ukoo hushuka kwa njia ya wanawake, na mjomba ana kauli kuliko baba. Kwa mila hiyo mwana wa kiume aweza kulima katika ardhi ya ukoo wa baba yake na hata kujenga, lakini haki yake ni ya matumizi; asili ya ardhi hubaki kwa ukoo wa baba, na warithi wake ni watoto wa dada zake baba. Kwa hiyo maneno "nilirithi kwa baba", ambayo kwa Mchaga yangefunga mazungumzo, kwa Mluguru ndiyo yanayoyafungua. Ni kweli kwamba tambarare ya Kingolwira imechanganya watu wengi, na mashamba mengi yamekwisha kununuliwa na kuuzwa mara kadhaa nje ya mila. Lakini shangazi akitokea baada ya miaka minne akiwa na wanawe na wazee wa ukoo, hatauliza mnunuzi alilipa kiasi gani. Atauliza nani alimpa ruhusa yule kijana kuuza.

Mwalimu na mumewe, kama wana mshauri mzuri katika chama chao, wataomba mambo mawili. Kwanza, barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi ya marehemu baba; bila hiyo hakuna mrithi awezaye kuuza mali ya marehemu, hata akiwa mtoto wa pekee. Pili, kikao. Waitwe shangazi, wajomba na majirani wa pande zote nne, wakae chini ya mwembe uliopo hapo, wasomewe mipaka, nao waseme. Kikao hicho hakikuandikwa katika sheria yoyote, na baadhi ya wanasheria wa mjini hukicheka. Hata hivyo katika Morogoro hakuna muhuri unaozuia kesi kama majina ya watu tisa waliokaa pamoja, wakakubali na kutia sahihi. Asiyetaka kikao kifanyike huwa amekwisha kujibu.

Kisha mke wa muuzaji. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, kuiweka rehani au kuipangisha pasipo ridhaa ya mwenzake. Wanaume wengi huona aibu kuulizwa jambo hili, na wanunuzi wengi huona aibu kuliuliza. Katibu asione aibu. Chama kinachopokea nyumba ya ndoa kuwa dhamana ya mkopo nacho hufungwa na sharti la ridhaa. Dhamana iliyowekwa na mume peke yake yaweza kufutwa mahakamani, na chama kikabaki na karatasi isiyofaa hata kufungia karanga.

Jengo lenyewe lisisahauliwe katikati ya karatasi hizi. Nyumba inayopendeza mwezi Septemba itazamwe tena kati ya Machi na Mei, wakati wa masika, maji yanapoteremka kutoka milimani na tambarare ikalegea. Hapo huonekana njia ya maji inapopita, kama ni kando ya kiwanja au sebuleni. Alama ya unyevu chini ya ukuta, rangi iliyopakwa upya hapo chini tu, nyufa zinazopanda mshazari kutoka pembe za madirisha: hayo ni maandishi, nayo husomeka kwa fundi mwashi kuliko kwa wakili. Mchwa hupenda vizingiti. Kisu kidogo chatosha kuwatafuta. Maji ya bomba yaulizwe kwa jirani, kwa sababu muuzaji atajibu kwamba yanatoka, na jirani ndiye atakayesema yanatoka siku gani. Katika pagale, tofali moja lililobaki uwanjani lidondoshwe kutoka kimo cha kiuno. Likivunjika vipande viwili, ni tofali. Likiwa unga, saruji yake ilibaki mfukoni mwa mtu.

Kuhusu dalali maneno yawe machache. Anafanya kazi halali, naye hulipwa biashara ikikamilika, kwa hiyo hupenda ikamilike. Mtu wa namna hiyo anafaa kwa kuonyesha njia, wala si kwa kutoa ushauri. Akisema kwamba yupo mnunuzi mwingine anayekuja kesho asubuhi na fedha taslimu, mnunuzi mwingine huyo aachwe aje.

Mapatano yawe ya maandishi. Sheria ya Ardhi haitambui mkataba wa mdomo wa kuuza ardhi. Yaandikwe mbele ya wakili, yakitaja mipaka, bei yote, namna ya kulipa, na siku ya kukabidhi. Bei iandikwe ilivyo. Wapo wanaoshauri kuandika nusu ya bei ili kodi ipungue. Siku mauzo yakivunjika mahakamani, mnunuzi hurudishiwa ile nusu iliyoandikwa. Fedha zipite benki, kwa akaunti ya muuzaji mwenyewe, wala si ya mdogo wake. Penye hati, sehemu kubwa ya bei ingojee kibali cha uhamisho. Ikitokea kwamba nyumba hiyo hiyo ilikwisha kuuzwa kwa mtu mwingine, wa kwanza aliyenunua kwa haki ndiye mwenyewe, kwa kuwa muuzaji hawezi kutoa tena kitu alichokwisha kukitoa.

Yaliyosemwa juu ya mwanachama yanakihusu pia chama kinachotafuta jengo la ofisi au ghala. Wazee waliokuwamo katika ushirika mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa na mali zake kuhamishiwa mamlaka za mazao na vyombo vingine, kisha wakaviona vikirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, wanaelewa thamani ya faili iliyokamilika. Jengo la chama liandikwe kwa jina la chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Kuandika jina la mwenyekiti au la mweka hazina, hata kwa muda, hata kwa nia njema, ni kumwachia mjane wake ugomvi.

Kwa katibu, faili la ombi la mwalimu yule lingekuwa na nakala hizi kabla ya kamati ya mikopo kukaa: barua ya msimamizi wa mirathi, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi, ridhaa ya mke wa muuzaji, mchoro wa kiwanja uliothibitishwa na ofisi ya mipango miji ya Manispaa kwamba eneo si la barabara, shule wala soko, taarifa ya fundi juu ya kuta na msingi, na rasimu ya mkataba. Kukusanya yote huchukua wiki sita au nane. Mwombaji atalalamika, na pengine atamwambia katibu kwamba nyumba itampita.

Katika mfano huu kikao kilifanyika chini ya mwembe. Shangazi alikuja akiwa na binti zake wawili. Alikubali mauzo, lakini kwa sharti moja, kwamba makaburi mawili yaliyo nyuma ya pagale yaachiwe njia ya miguu, na wenye nayo wasizuiwe kuja kufagia. Muuzaji hakuwa amewataja marehemu hao kwa mtu yeyote. Mwalimu na mumewe walikwenda kuyatazama, wakapima upya kiwanja kwa kuacha mita mbili upande wa mashariki, bei ikapunguzwa, na njia hiyo ikaandikwa katika mkataba kuwa kifungu cha nne.